Barua ya Arobaini na Moja

Diski ya Ilpo Sarkkinen imeletwa na teksi
ndani ya mfuko wenye lakiri nyekundu,
kama jino lililong'olewa.
Oulu, saa tisa mchana, giza limeshatanda;
theluji inashuka bila kumwamsha mtu.

Raili haiwashi kompyuta ya mtuhumiwa. Hilo ndilo la kwanza.
Ukiiwasha tu, inaanza kujipekua, inasogeza saa,
inakanyaga nyayo zile zile unazozitafuta.
Anaipitisha diski kwenye kifaa kinachokubali kusoma, kinachokataa kuandika,
ananakili kila chembe, hata palipo patupu,
kisha analinganisha alama:
herufi na tarakimu sitini na nne za asili,
sitini na nne za nakala.
Sawasawa. Kahawa imepoa.

Swali la kiwanda ni la mstari mmoja:
orodha ya bei za mbao, nani aliitoa nje?

Kufuta si kuteketeza.
Faili likifutwa, hubanduliwa kibao cha jina mlangoni tu;
mpangaji bado yumo ndani, kalala,
mpaka chumba apewe mwingine.

Jumanne, saa nane na dakika kumi na nne usiku,
flashi ikaingia. Dakika sita. Ikatoka.
Orodha ilikuwemo.
Nywila ya Ilpo, kadi ya mlangoni ya Ilpo.
Basi, kazi imekwisha.

Ila kwenye vile vyumba visivyo na vibao
Raili anakuta barua kwa meneja. Haikutumwa.
"Kwa heshima, huu ni mwaka wa tisa mshahara wangu..."
Nyingine: "Najua una shughuli nyingi, lakini..."
Nyingine ina neno "Samahani" peke yake,
na nukta.

Siku za mwizi ni arobaini, tumeambiwa.
Barua hizi ni arobaini na moja.
Ya mwisho ilifutwa saa nane na dakika tisa,
dakika tano kabla ya flashi.

Analirudia swali. Mstari mmoja.
Barua hazikuulizwa.
Mwizi ni mwizi, na Raili hakuajiriwa kuhurumia.
Anaandika: diski, saa, flashi, jina.
Halafu, ukurasa wa kumi na moja, anachomeka mstari:
2:09, hati imefutwa, yaliyomo yameambatishwa.
Mfuatano wa saa haurukwi, anajitetea,
ingawa hakuna aliyemuuliza.

Anatia lakiri upya.
Anaosha kikombe, mara mbili.