Komeo

Ijumaa, kambini Marmul, jua lilipopunguza ukali,
Eleuterio wa Poza Rica alitupanga mchangani
kwa chaki ya kuwekea alama mabomba.
Mpira wenyewe haukuwa duara: kama papai bichi,
ukiudunda unakwenda unakotaka wenyewe.
Mimi alinivuta bega hadi hatua ishirini nyuma ya wote,
akasema kwa Kiingereza chake cha kuazima:
"Mundhir, wewe sefti."

Nikacheka. Sefti naijua mwaka wa saba huu.
Sefti ni kofia ngumu na viatu vizito vya ncha ya chuma,
ni kibao cha njano langoni, siku mia mbili na nne bila ajali,
ni kengele ya uongo saa tisa za usiku
tutoke na vikoi, tuhesabiwe kama mbuzi.
Nikamuuliza: nikague nini, kofia za watu?

Akachuchumaa. Akachora kwa kidole,
saba huku, saba kule,
na kitone kimoja mbali, peke yake.
"Kwetu huyu ni profundo."
Profundo. Ulimi ukajikwaa kwenye ile pro, nikarudia.
Maana yake? Akaelekeza kidole chini,
kule inakoshuka keekee yetu kutwa kucha,
mita elfu mbili, tatu, penye joto na giza.

Kumbe mtu ni yule yule, amesimama pale pale,
Kiingereza kikimtazama kinaona salama,
Kihispania kinaona kina.
Na Kiswahili changu, cha jikoni kwa bibi kule Ibra,
kilikaa kimya kama mgeni asiyejua aketi wapi.

Mara mpira ukaja.
Grady aliurusha juu ya vichwa vyote,
ukapaa ukijinyonga, na chini yake Jomel,
mpishi wetu Mfilipino, anakimbia kama mwenye deni.
Nyuma yangu hapakuwa na mtu.
Uzio, na ule moto wa gesi usiozimwa,
basi.
Nilijirusha. Nilipata upepo na kipande cha fulana.

Usiku nikampigia Bi Zuwena.
Nikamweleza: wenzangu wote mbele, mimi nyuma,
adui akiwapita wao amebakia na mimi.
Sefti, nikamwambia. Na profundo.
Akanyamaza. Nikasikia kijiko kikigonga kikombe.

"Unahangaika na lugha za watu, na jina lipo.
Huyo si komeo?"

Komeo.
Nikauona mlango wake wa uani,
ule mti mfupi anaousukuma kwa kiganja
kila usiku, mara mbili, hata akishausukuma.

"Na leo umefunga?"
"Nimeachia, Bibi. Kapita mpishi."
"Haya. Komeo likikwama hupakwa mafuta.
Si ndiyo kazi yenu huko?"