Shika Taa Vizuri

Majira ya baridi kumi na tisa nimeshika tochi
katika gereji yetu ya Carmelo, Eladio akiwa chini ya gari,
miguu tu nje, kama mtu aliyemezwa nusu.
"Shika taa vizuri, Nélida." Hilo ndilo neno lake la mapenzi.

Borgward ya mwaka hamsini na nane. Kiwanda kilishakufa,
na waliojua kuitibu wanafuatana makaburini.
Basi gasketi tulikata kwenye boksi la viatu,
mpira wa mlango ukatoka kwenye friji ya mama
(mama hakuulizwa),
na kioo cha taa ya nyuma kikaja kwa posta kutoka Bremen
kikiwa vipande kumi na kimoja.
Alilia kwanza, kisha akavigandisha.

Kutu haina haraka. Unaipiga msasa mlangoni,
inakuchekea sakafuni.
Petroli ya siku hizi inatafuna mipira.
Mwanetu ameuliza, kwa adabu, itauzwa lini.

Tangu Machi mtoto wa jicho amemfunika Eladio macho yote.
Sasa tochi anaishika yeye,
anamulika ukuta, anamulika kalenda ya bucha,
nami nimeinamia injini, nywele zimejaa grisi,
bisibisi kwenye kabureta.

"Robo," anasema, sikio kalitega. "Rudisha. Unywele mmoja tu."
Inakohoa, inakohoa,
inashika.
Hatusemi kitu.

Kisha mimi:
"Eladio. Shika taa vizuri."