Mkono wa Kushoto

Picha ilitumwa saa mbili usiku.
Nkwimba, ndani ya gauni nililolishona siku tisa,
amesimama mbele ya ukumbi, kule Kirumba,
na mtu fulani amechora duara jekundu
kwenye mkono wa kushoto.
"Fundi alikuwa anasinzia?"
Vikafuata vicheko, vile vya njano vinavyotoa machozi,
arobaini na kitu. Nilivihesabu.

Nilijibu. Sitaficha, nilijibu.
Nilimjibu wa kwanza, wa pili, na shemeji wa huyo wa pili,
nikamkumbusha mmoja deni la sare za shule,
nikamkumbusha mwingine yule mume.
Kidole gumba kilipata moto kama pasi ya mkaa.
Uji wa Limi ukaungua jikoni.
Akaja mlangoni, akaniangalia, akarudi,
akaunywa hivyo hivyo, na harufu yake.

Asubuhi, bombani, maneno yalikuwa yamefika kabla yangu.
Ndoo zilisogezwa, salamu zikafupishwa.
Mama Holo akaniuliza nimelalaje
kwa sauti ya mtu anayejua nimelalaje.

Maneno ya namna ile ni dagaa walioanikwa mchangani:
waoshe maji saba, wakaange, tia nyanya, kamua ndimu,
bado kuna kitu kinasaga kwenye jino.
Na mimi nimewahi kuwauza, kwa kopo, tena la kujaza.
Keki ya Tabu iliyozama katikati, mwaka juzi,
nani aliisambaza?
Kidole hiki hiki.

Jioni ile visubi walitoka ziwani.
Tuliwaona tukiwa huku Igombe, mbali, juu ya maji,
moshi usio na moto, unasimama, unainama,
unakuja.
Huku kwetu hakuna anayepigana na visubi.
Sijasikia mtu aliyewatokea na panga.
Unafunika sufuria, unafumba mdomo,
unazima taa. Basi.
Wao hufuata mwanga. Wakiukosa kwako
huenda kwa jirani aliyesahau taa ya baraza,
na kesho yake unamsaidia kufagia.

Nikazima taa.
Pale kitini simu ikawaka yenyewe.
Wakaiendea, wakatambaa juu ya kioo,
juu ya majina ya watu, juu ya vicheko vya njano,
wengi, hata sikuweza kusoma.
Gizani Limi akasema,
"Mama, na hiyo pia."

Na hiyo pia.

Sikutoka kwenye kundi. Sijawa malaika,
na michango ya misiba hupitia humo humo.
Nimelinyamazisha tu.
Siku ya tatu kidole kiliwasha
kama kidonda kinachotaka kupona;
nikakipa uzi, kitunge sindano.
Siku ya nne niliiba, nikachungulia.
Walikuwa wamehamia kwa mtu mwingine,
paa lake, rangi ya paa lake.
Nilikuwa na jambo zuri sana la kusema kuhusu lile paa.
Nikalimeza. Halikuwa tamu.

Jumanne Nkwimba alikuja na gauni, amelikunja ndani ya kanga.
Hakusema kitu, nami sikumuuliza nani kasema nini.
Nililaza mikono yote miwili mezani,
bega kwa bega,
nikavuta futi.
Wa kushoto ulikuwa mfupi. Nusu inchi.
Katika yote yale, ukweli ulikuwa huo,
nusu inchi,
na pindo lilikuwa na akiba ya kutosha.

Nikaanza kufumua.
Nje ziwa lilikuwa linapiga mawe, polepole,
Limi anakoroga uji, safari hii mwenyewe,
na Nkwimba akavuta kigoda,
akaniuliza kama nina kifungo kinachofanana na hiki.