Kelele

Mwaka wa pili, sayansi za mawasiliano,
mhadhiri alichora ubaoni
mtumaji, ujumbe, njia, mpokeaji,
na katikati, kwa chaki nyekundu: kelele.
Nikanakili. Nikapata B.

Likizo nikapangiwa mafunzo redioni, hapa hapa Newala,
chumba kimoja, ukutani trei za mayai
za kumeza mwangwi.
Bi Nambunga wa jirani akaniuliza:
"Somoe, hata kuongea kunasomewa miaka mitatu?"
Nilicheka. Jibu sikuwa nalo.

Wiki ya mwisho wakanikabidhi bei,
mnada wa kwanza wa korosho.
Niliisoma taratibu, shilingi kwa shilingi,
nikairudia, kama tulivyofundishwa,
kwa ajili ya aliyechelewa kuwasha.

Sikujua zetu zilishauzwa Juni
zingali maua,
kwa kangomba, kwa nusu ya nusu,
ili jina langu lisikatwe
kwenye orodha ya mtihani.

Nilipofika nyumbani redio ilikuwa kimya.
Baba kazitoa betri, anazianika juani,
anazigeuza moja moja
kama mtu anayehesabu.
"Umesoma vizuri," akasema, bila kuinua uso.
"Hakuna neno lililopotea njiani."