Kijiwe

Siku ya kwanza hatukujua.
Tulidhani amefunga choo, yule kondoo maksai mwenye paji jeupe,
kwa jinsi alivyojinyoosha na kukaza,
akitikisa mkia kana kwamba anafukuza nzi
katikati ya Januari, hapa Naryn,
ambako hata mto umenyamaza chini ya barafu.
Baba akamnywesha mafuta ya alizeti, kikombe kizima.
Akameza. Akakaza tena.

Siku ya pili akaanza kusaga meno.
Sijui kama umewahi kumsikia kondoo akisaga meno gizani:
ni sauti ndogo, ya mtu anayekanyaga changarawe
na hataki kukuamsha.

Begimai alikuja kwa farasi, gari lake lilikataa kuwaka.
Salamu zake zilikuwa fupi. Akapiga magoti kwenye samadi,
akapitisha mkono chini ya tumbo,
akagusa manyoya pale mkojo unapotokea,
akatuonyesha vidole: vikavu,
na chembe nyeupe zimenata kama chumvi.
"Anakula nini?"
"Nyasi kavu," Baba akasema, "kama wenzake."
Mimi nikatazama mlango.

Kila jioni, tangu majani yapukutike,
nilimpelekea shayiri na pumba mfukoni mwa koti,
yeye peke yake, nyuma ya ghala.
Alikuwa ametengwa kwa arusi ya kaka yangu Sagyn.
Niliwaza: kama maisha yake ni mafupi, basi yawe matamu.
Haba na haba hujaza kibaba, ndivyo tulivyofundishwa.
Hakuna aliyetuambia kwamba haba na haba huziba pia.

Nikasema. Hakunikaripia.
"Nafaka huzaa mchanga kwenye kibofu," alisema,
"na huyu mlimhasi akiwa mdogo mno,
mrija wake haukupata kupanuka.
Kisu cha baba yako na mfuko wako wamefanya kazi pamoja."
Baba akakohoa.

Tukamkalisha kitako kama mzee kwenye kiti.
Nchani kabisa kuna kijinyama chembamba, uzi wa kushonea,
na ndani ya uzi ule, jiwe
dogo kuliko punje ya mtama.
Mkasi. Mara moja.

Hakuna kitu.

Halafu tone, la rangi ya waridi.
Halafu tone.
Halafu ukamtoka wote, moto, unafuka mvuke,
ukatoboa theluji mlangoni, ukamlowesha Begimai mikono,
na Baba, ambaye sikuwahi kumwona akicheka mbele ya daktari,
akavua kofia yake.
Tulisimama pale tukiushangilia mkojo
kama watu waliopokea barua kutoka mbali.

"Mengine yamo ndani bado," Begimai akasema, akinawa.
"Maji ya uvuguvugu, chumvi kidogo.
Shayiri usimpe, hata akilia.
Hasa akilia."

Jioni ile, saa ileile, alikuja nyuma ya ghala,
akatia pua mfukoni.
Nikaugeuza mfuko nje. Vumbi la pumba likaanguka, upepo ukalichukua.
Nikamsogezea ndoo.
Alinitazama kama mtu aliyedhulumiwa,
kisha akanywa, polepole, masikio yakicheza,
nami nikahesabu mafunda, moja moja,
ishirini, ishirini na moja.
Arusi ilikuwa bado wiki tisa.