Daftari la Wasioweza Kukimbia

Redio imesema: mvua za juu ya wastani.
Wastani wa nani, akauliza Bitama, koleo mkononi.
Hatukumjibu. Mfereji ulikuwa umejaa chupa,
kandambili moja, na godoro la mtu asiyejitaja.

Mtaani kwetu, Ujiji, upande unaoinamia Luiche,
tumepaka rangi nguzo ya daraja:
chini nyeupe, katikati njano, juu nyekundu.
Maji yakigusa njano, Mwamini anapiga debe.
Debe tupu haliachi kuvika, walisema wa kale
wakimsuta mtu. Sisi tumelipa kazi.
Linaning'inia mlangoni pake, bado linanuka mawese,
na mwiko wake hauruhusiwi kurudi jikoni.

Mimi nashika daftari.
Sina nguvu za koleo, nina mwandiko.

Bi Nyamweru: macho. Atashikwa mkono na Zuhura,
si na mwanawe. Mwanawe anavuta.
Pacha wa Nyabukika, miezi minne:
migongo miwili, isianze kutafutwa usiku.
Mzee Kilimba: miguu mizima, ila hatoki bila mbuzi.
Basi na mbuzi nimewaandika. Watano. Mmoja ana mimba.
Fundi Sefu, usingizi wa jiwe: amwagiwe maji,
tutamwomba radhi kilimani.

Mwaka ule hatukuwa na daftari.
Tulihesabiana asubuhi, kwa vidole,
tukarudia, tukarudia tena,
na kila mara kidole kimoja
kilibaki kimesimama.

Jumamosi tulijaribu.
Debe lililia saa kumi alasiri, jua likiwaka,
watu wakapanda kuelekea shuleni wakicheka,
kila nyumba na ndoo yake yenye mfuniko:
vyeti vya kliniki, kadi ya kura, hati ya kiwanja
kilichokwisha kuliwa na ziwa.
Kuna aliyebeba maharage yasiyoiva, sufuria bado inachemka.
Nilifika wa mwisho, nikihema.
Nikasema nilikuwa nahakiki milango.
Hakuna aliyebisha.

Leo nimelifungua nimwongeze mpangaji wa nyumba ya saba.
Chini ya mbuzi, kwa wino mwekundu,
mwandiko wa Bitama, unaolala kama uzio uliochoka:
Mama Daftari. Goti la kushoto.
Nitambeba mimi. Asibishe.

Nimetafuta kifutio, nikakumbuka ni wino.
Ng'ambo ya ziwa, milima ya Kongo haionekani tena.
Kwa Mwamini, tone limegonga debe.
Moja tu.
Nasubiri la pili,
kidole changu kimelala juu ya jina langu.