Jani la Mkalitusi

Miaka kumi na mmoja nilibeba mazutu
kutoka Bukavu mpaka kilimani kwetu, upande wa Kabare:
bidoni mbili za njano, moja kila ubavu wa pikipiki,
na siku pikipiki ilipogoma, mgongoni.
Shati langu lilitangulia kufika.
Watoto walilinusa kutoka konani,
wakakimbia kusema, "Leo kutasagwa!"

Kinu kile kilikunywa kabla hatujala.
Bei ikipanda huko mjini,
huku juu mama mmoja alikaa na kikapu chake cha makopa
akihesabu kwa vidole:
kilo tatu za unga, kilo moja ya moshi.
"Ya moshi," ndivyo Nsimire alivyoiita,
kilo iliyobaki kwa mwenye kinu.
Na bugali wetu ulikuwa na harufu,
na harufu ile ilikuwa mimi.

Kisha mvua ya Machi ilikata barabara.
Siku tisa.
Muhogo wa Nsimire, uliovundikwa, ukamenywa, ukaanikwa,
ulingoja mlangoni pa kinu
hadi ukaota ukungu wa kijani.
Alifika, akaumwaga wote miguuni pangu,
akakung'uta kikapu, akaenda.
Hakunitukana.
Laiti angenitukana.

Ndipo akaja Murhula, mchomelea vyuma wa Kadutu,
akakitazama kijito chetu
kama mjomba anayekagua ng'ombe wa mahari.
Akauliza, "Hiki hulala saa ngapi?"
Tukacheka. Hakilali.
"Na nyinyi mwamlipa nani mazutu?"
Hapo hakucheka mtu.

Wanawake walipandisha saruji kwa kamba za paji la uso,
mfuko mmoja, shingo moja,
Nsimire mbele na mimba ya miezi sita.
Wanaume tulichimba mfereji.
Nasema tulichimba. Mimi nilichimba polepole.
Usiku nilimwomba Mungu jambo la aibu:
kwamba gurudumu lile la vyuma chakavu
likatae kuzunguka.

Lilizunguka.
Bila kukohoa, bila kutema weusi angani,
mkanda ukakaza, jiwe likanguruma chini kwa chini
kama tumbo la mtu aliyeshiba,
na unga ukashuka, mweupe, wa moto.
Nsimire alichota kidogo, akaweka ulimini.
Wote tulimngoja.
"Unanuka muhogo," akasema,
na kulia akalia yeye, si mimi.
Mimi nilitoka nje nikanawa mikono
mara tatu, mara nne, kwa sabuni na majivu.

Bidoni moja mke wangu ameitoboa, ameotesha vitunguu.
Nyingine imo chini ya kitanda. Sijui naiwekea nini.

Mwezi ule kamati ilinipa kazi:
mlinzi wa chujio, pale maji yanapoingia bombani.
Nilidhani ni sadaka,
mfupa wa kumtupia mzee wa mazutu.
Mpaka usiku mmoja saa nane,
taa zote za kilima zikapepesa, zikafifia,
kinu kikashusha pumzi katikati ya gunia la mtu,
nami nikashuka na tochi, matope hadi magotini,
nikaingiza mkono ndani ya baridi ile
na kukuta majani ya mkalitusi, mkono mzima,
na la mwisho, moja tu, limebana kwenye wavu
kama kiganja kinachofunika mdomo.

Nililichomoa.
Juu yangu nyumba zikawaka, moja, nyingine, ya Nsimire.
Nilisikia jiwe likianza tena.
Hakuna aliyejua kwamba nilikuwa pale,
nimelowa, nimeshika jani,
nikinuka, kwa mara ya kwanza, maji.